Akaunti Ni ya Nani?

(Mhadhara kwa wafanyabiashara wadogo, Dar es Salaam)

Nimeombwa nizungumzie namna mwenye duka anavyoweza kuweka hesabu na kumbukumbu zake kwenye wingu, na nimenong'onezwa kwamba kuna mzigo unashushwa saa tisa, kwa hiyo wengine mtachomoka kabla sijamaliza. Sina kinyongo. Nitajitahidi kuweka mazito mbele.

Tuanzie kaunta. Kila jioni mnapofunga hesabu, mashine ya EFD inatoa Z-ripoti, yaani jumla ya mauzo ya siku, na hesabu yenyewe inatumwa kwenye mitambo ya TRA. Mashine hiyo ikidondoka kesho ikapasuka, au kibaka akapita nayo, mauzo yenu ya jana TRA wanayo. Naona wapo ambao habari hiyo haiwafurahishi, hayo tuyaache. Ninachotaka mkione ni kwamba Serikali imejihakikishia kumbukumbu za mauzo yenu mahali pengine, nje ya duka. Nyinyi wenye mauzo mmeziweka wapi? Daftari la wadaiwa liko kwenye droo. Orodha ya mzigo iko kwenye kompyuta moja tu, chini ya meza, jirani na ndoo ya kudekia. Picha za bidhaa na namba za wateja ziko kwenye simu ambayo jioni mtoto anachezea gemu.

Tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliungua. Tarehe 16 Novemba 2024 ghorofa likaporomoka Kariakoo hiyo hiyo, watu wakapoteza maisha. Roho ya mtu haina fidia, na sitaichanganya na habari za kompyuta. Lakini anayenusurika na balaa kama hilo anaamka siku ya pili akiwa na kazi ya kujua anamdai nani, anadaiwa na nani, na stoo ilikuwa na nini. Kama daftari lilikuwa dukani, limekwenda na duka.

Wingu, basi, ni kupanga. Mahali fulani pamejengwa jengo lenye maelfu ya kompyuta zisizozimwa, lenye umeme wa njia zaidi ya moja, majenereta, viyoyozi, walinzi, na mafundi wa zamu usiku na mchana. Mwenye jengo anakukodisha kipande. Ni kama fremu ya duka: hujengi wewe, hutengenezi paa, bomba likipasuka mwenye nyumba ndiye anayehangaika, wewe unalipa kodi ya pango, unaingiza mzigo wako na kufunga kufuli lako. Msimu wa sikukuu ukitaka nafasi zaidi unaongezewa siku hiyo hiyo, msimu ukipita unarudisha. Na kilemba hakuna.

Biashara ya kumpangishia kompyuta mtu yeyote mwenye kadi ya benki ilichangamka mwaka 2006. Amazon, iliyoanza maisha kwa kuuza vitabu, ilianza Machi mwaka huo kupangisha nafasi ya kuhifadhia faili kwa senti 15 za dola kwa gigabaiti moja kwa mwezi, na Agosti ikaanza kupangisha kompyuta zenyewe kwa senti 10 kwa saa. Huduma hiyo ya pili, sehemu kubwa ya kuiunda ilifanywa na wahandisi waliokaa Cape Town, kwa hiyo anayewaambia kwamba mambo haya hayatuhusu Waafrika mwacheni aendelee na yake. Leo Microsoft ina vituo vya data Afrika Kusini tangu 2019, Amazon tangu 2020 na Google tangu 2024. Na kuna ambalo wengi hawalijui: M-Pesa ya Kenya ilianza Machi 2007, na mitambo yake ilikaa Ujerumani mpaka ilipohamishiwa Kenya mwaka 2015. Miaka yote hiyo mtu wa Kisumu akimtumia mama yake shilingi 500, salio la wote wawili lilikuwa likibadilishwa Ulaya, na ujumbe umefika kabla hajarudisha simu mfukoni. Hakuna aliyeuliza hesabu inaandikwa nchi gani.

Mafundi watawaambia kwamba huduma hizi zina ngazi tatu, na watazitaja kwa vifupisho. Msiumize kichwa. Anayeunda programu zake mwenyewe atahitaji kupanga seva tupu. Mwenye duka, saluni, karakana au shule ya chekechea anahitaji programu iliyo tayari: barua pepe, jedwali la hesabu, mahali pa kuweka faili, labda programu ya mauzo na stoo. Fundi anayetaka kukupangishia seva tupu kwa ajili ya duka la vitenge, mkaribishe soda, kisha muage.

Sasa lile zito. Kwenye fremu hamhitaji kufundishwa na mtu jambo la kwanza la kuangalia: mkataba una jina la nani. Ukikuta umelipa miaka mitatu na mkataba una jina la shemeji, unajua siku moja patachimbika. Kwenye wingu mkataba ni akaunti, na akaunti ina mambo matatu: barua pepe iliyoifungua, namba ya simu inayopokea ujumbe wa uthibitisho, na kadi inayolipa. Mwenye hayo matatu ndiye mpangaji, hata kama mzigo wote ulio ndani ni wako.

Tazameni inavyokwenda. Tajiri ana shughuli nyingi. Anamwita kijana anayejua kompyuta, anampa elfu hamsini, anamwambia, "Nifungulie huko." Kijana si mwizi. Anafungua kwa barua pepe yake kwa sababu ndiyo aliyonayo mkononi, na anaweka namba yake kwa sababu ujumbe wa uthibitisho unatakiwa dakika hiyo hiyo na tajiri yuko bandarini. Mambo yanakwenda vizuri miaka miwili. Kisha kijana anapata kazi Dodoma, au mnakosana kwa mshahara wa mwezi mmoja, au Mungu anamchukua. Asubuhi moja kompyuta ya dukani inaomba nywila, na hakuna anayeijua. Mwenye huduma hana ofisi Posta wala Mlimani City ya kwenda kupigia meza. Anachotambua yeye ni barua pepe na namba ya simu, na kwa hivyo viwili wewe si mtu wake. Unamwonyesha TIN, leseni ya biashara, kitambulisho cha NIDA. Vyote ni halali, na mlango bado umefungwa.

Nimeshaona watu wakigharamia programu ya stoo ya mamilioni na kuifungulia kwa barua pepe ya mtu aliyekuwa dukani kwa mafunzo ya wiki sita. Hilo la pili ndilo linaloua biashara, wala si moto wala mvua.

Kwa hiyo fungueni barua pepe ya biashara, isiwe ya mtoto wala ya fundi. Laini inayopokea uthibitisho iwe imesajiliwa kwa alama za vidole vya mwenye biashara, na iwe laini inayotumika; laini iliyolala muda mrefu hufungwa na kuuzwa upya, na siku hiyo ujumbe wako wa siri unaingia kwenye simu ya mtu wa Singida ambaye hata hajui ni wa nini. Washeni uthibitishaji wa hatua mbili, nywila kwanza kisha namba ya uthibitisho. Matapeli wa laini mnawajua: mtu anakwenda kwa wakala, anadai laini yako imepotea, anapewa mpya, na kabla hujastuka ameshaingia. Ukiweza, tumia programu ya uthibitisho iliyomo ndani ya simu yenyewe badala ya ujumbe wa laini.

Na kila mfanyakazi awe na akaunti yake. Hapa najua mtanibishia, maana nywila moja ya duka zima ni rahisi. Chukueni duka la vitenge. Kwenye jedwali la wadaiwa kuna mstari mmoja: mteja wa Temeke, doti 6 kwa 18,000, jumla 108,000, kalipa 60,000, bado 48,000. Baada ya wiki mbili mstari ule ule unasoma: bado 18,000. Kwenye daftari la karatasi ungeona labda alama ya kufutwa, labda usione kitu, na mngeanza kutazamana. Kwenye jedwali la mtandaoni kama la Google unafungua historia ya matoleo, unarudi nyuma siku kwa siku, unaona Jumamosi saa 3:47 usiku, duka limeshafungwa, ile 4 imegeuka 1. Pembeni kuna jina la akaunti iliyobadilisha, na namba ya zamani unairudisha kwa kubonyeza. Pengine kijana alikosea kidole. Pengine amelipwa 30,000 mkononi akasahau kuandika. Mtaongea, na mtaongea mkiwa na saa na jina mezani. Lakini kama watu wanne wanaingia kwa nywila moja, historia itakuonyesha jina lako mwenyewe, tajiri, kwamba ndiwe uliyemsamehe mteja deni.

Mtu akiacha kazi, siku ile ile unayomlipa haki zake ondoa ruhusa yake. Si dharau. Funguo za stoo huwa mnamdai kabla hajavuka kizingiti.

Na mwenye akaunti akifariki je? Wazee, msigune, mirathi ya simu ipo. Google ina sehemu ya kuandika kwamba akaunti ikikaa kimya miezi kadhaa, fulani apewe vilivyomo. Tangu Desemba 2023 kampuni hiyo ilianza pia kufuta akaunti binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Mkiwa na kumbukumbu za biashara ya marehemu baba kwenye akaunti ambayo hakuna aliyeigusa tangu arobaini, ingieni wiki hii.

Sasa kuhusu kuamini mwenye nyumba. Usiku wa kuamkia Machi 10, 2021, jijini Strasbourg, Ufaransa, kituo cha data cha kampuni ya OVHcloud kilishika moto. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea lote, la jirani likaungua kwa sehemu, mengine yakazimwa. Tovuti zaidi ya milioni 3 zilipotea hewani siku hiyo. Wateja waliokuwa wamepanga kompyuta mle bila kuweka nakala kwingine walipoteza kila kitu. Lakini kisa kinachonisumbua mimi ni cha wateja waliokuwa wamelipia nakala rudufu. Mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliiamuru kampuni hiyo imlipe fidia mteja mmoja aliyelipia huduma ya nakala, kwa sababu nakala yake ilikuwa imehifadhiwa ndani ya jengo lile lile lililoungua. Alilipia usalama, akapewa kabati la pili kwenye chumba kile kile.

Mwaka 2024 mwezi Mei likatokea la Australia. Mfuko wa pensheni uitwao UniSuper, wenye wanachama zaidi ya 600,000, ulijikuta mitambo yake kwenye wingu la Google imefutika kwa kosa la mipangilio lililofanyika upande wa Google. Wanachama walikaa takriban wiki nzima hawaoni akaunti zao. Mfuko ulikuwa na nakala kwa kampuni nyingine kabisa, na nakala hizo zilisaidia kuurudisha kazini. Kama mfuko wenye mabilioni unapata hilo, wewe mwenye fremu mbili usilale na nakala moja.

Kanuni ya mafundi inasema uwe na nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Kwa duka maana yake ni rahisi: faili la kila siku liko kwenye wingu, kila Jumamosi jioni unalishusha kwenye diski ya nje au flashi inayokaa nyumbani, na la tatu ni lile lililomo kwenye kompyuta ya dukani. Flashi ya kukaa kwenye droo ya duka hilo hilo ni ya Strasbourg.

Kuna anayewaza tangu mwanzo: intaneti ikikatika? Swali zuri, na jibu lake tulilipata Jumapili ya Mei 12, 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ya Tanzania ikazorota siku kadhaa. Mlikuwepo, picha za WhatsApp zilikuwa zikizunguka tu. Ubaya ni kwamba njia ya kaskazini nayo ilikuwa imejeruhiwa tangu Februari mwaka huo, pale mikongo mitatu ilipokatika Bahari ya Shamu, Seacom ikiwa mmojawapo, na inaaminika nanga ya meli iliyoshambuliwa ndiyo iliyoiburuta. Kabla Seacom haijafika pwani yetu mwaka 2009 tulitegemea setilaiti, polepole na kwa bei ya kutisha, kwa hiyo simlaumu mtu. Ila aliyekuwa ameruhusu programu yake ifanye kazi bila mtandao aliendelea kuuza siku hizo, akaandika mauzo, na mtandao uliporudi yakapanda yenyewe. Kabla hamjalipia programu yoyote ya mauzo, zimeni data mbele ya huyo anayewauzia, mmwambie auze sabuni moja. Akianza kujikuna, mmeshapata jibu.

Bando nalo. Faili la hesabu ni jepesi, halili kitu. Kinachokula ni picha na video zinazopandishwa kimyakimya. Wekeni picha zipande zikiwa kwenye Wi-Fi tu. Na mjue zile gigabaiti 15 za bure za Google zinagawanwa na barua pepe, faili na picha, na tangu 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android zinaingia humo humo. Kundi moja la ukoo lenye video za harusi linaweza kujaza nafasi yote, na nafasi ikijaa barua pepe mpya haziingii. Oda ya mteja imerudi ilikotoka, na wewe unafikiri biashara ni mbaya.

Bei. Huduma nyingi hizi zinalipwa kwa dola, kila mwezi, kwa kila mtu. Tuseme dola 10. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,330, yaani 23,300. Kufikia nusu ya pili ya 2024 ilikuwa imevuka 2,700, na malipo yale yale yakawa zaidi ya 27,000 bila kampuni kupandisha hata senti. Ongezeni VAT ambayo wengi wao sasa wanakata. Kubwa kuliko bei ni kadi: malipo yanajikata yenyewe tarehe fulani, na mkitumia kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, salio likikosekana siku hiyo huduma inasimama. Wekeni tarehe hiyo ukutani pamoja na tarehe ya kodi ya fremu. Anayeanza na hana fedha aanze na huduma ya bure na nidhamu. Jedwali la bure lenye mwenyewe ni bora kuliko programu ya laki mbili kwa mwezi isiyojulikana ni ya nani.

Sheria nitaipitia mbio. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 1, 2023, na ipo Tume yake. Wewe mwenye saluni unayeandika majina na namba za wateja, wewe wakala wa mikopo unayepiga picha vitambulisho vya watu, unakusanya taarifa binafsi, na sheria inataka anayekusanya ajisajili. Kupeleka taarifa hizo nje ya nchi nako kuna masharti, na seva ya Ireland ni nje ya nchi. Msiogope, lakini msijifanye hamjasikia. Wenzetu Kenya walitunga ya kwao 2019, na kamishna wao ameshawatoza watu faini.

Naona wa saa tisa wanainuka, basi nimalizie na la kufanya leo. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha hujui kama ni nakala. Mkifika dukani chukueni faili moja, tuseme la wadaiwa, lishusheni kutoka kwenye wingu kwa simu ya mtu mwingine, kwa akaunti ya duka, mkiwa na vile mlivyonavyo tu kichwani na mfukoni. Likifunguka na tarehe ni ya jana, vizuri. Likigoma, afadhali limegoma leo. Kisha ingieni kwenye mipangilio ya usalama ya akaunti mkatafute namba za akiba. Google inatoa kumi, kila moja ya tarakimu nane, za kuingilia siku simu imepotea. Zichapisheni kwenye karatasi, ziingie kwenye bahasha inayokaa na hati ya kiwanja, nyumbani, na mtu mmoja mnayemwamini ajue bahasha iko wapi. Kila namba inatumika mara moja tu, kwa hiyo ukiitumia ikate kwa kalamu, na zikibaki mbili omba kumi nyingine, maana ukiomba mpya zile za zamani zote zinakufa.